Blanketi la Ndege Weupe

Jumamosi, 14 Juni
Baridi! Upepo wa Juni unapiga mlango kama askari wa mgambo. Fomu ya shule imefika. Gladness, binti yangu wa pekee, kapangiwa kidato cha tano Kongwa, bweni. Anatakiwa kuripoti tarehe 5 Julai na godoro, ndoo, jembe na blanketi moja zito. Vyote vipo isipokuwa blanketi. Loisi, mke wangu, ana elfu sitini kwenye kopo la maziwa kwa ajili hiyo. Pesa ya kuuza ubuyu, mwaka mzima.

Sasa, pesa ilale kwenye kopo ya nini? Mimi naunga vipande vya vitenge kuwa mablanketi. Nilijifunza mwaka juzi nilipovunjika mguu, na tangu hapo siwezi kuacha. Nimeshalishonea kochi, redio na dumu la maji. Loisi anasema sasa wamebaki kuku tu. Nimemwambia nitashona moja zuri, watu walione, oda zimiminike, Gladness aende Kongwa na mablanketi matatu. Amekataa. Nimemwomba tena wakati anachambua mchicha. Amekataa.

Jioni kapigiwa simu. Mdogo wake kajifungua kwa upasuaji Mvumi, kesho anakwenda kumwuguza. Ameniachia ufunguo wa kabati lenye kopo. Kaniapisha kabisa kwamba iwe isiwe Gladness hataondoka hapa bila blanketi. Nimeapa.

Jumatatu, 16 Juni
Nimefungua kopo. Si wizi, ni mtaji.

Nimepita kwa fundi Sostenes kuomba vipande. Siku zote huwa anavitupa jalalani. Leo nilipotamka neno biashara tu, vikawa na bei. Elfu kumi kwa sandarusi moja! Mtu huyu hana utu. Lakini vitambaa vyenyewe, lo! Zambarau iliyokolea, ndege weupe wametawanyika kila mahali, vipya kabisa, vyote vya aina moja. Akasema vimebaki kwenye sare. Nilitaka kuuliza sare ya nini, nikaona anaanza kutazama sandarusi kama anafikiria kuongeza bei. Nikaondoka haraka. Elfu kumi nyingine imekwenda kwenye uzi na bitana.

Gladness alipoona kitambaa akasema, Baba, hiki si kile cha... Nikamwambia biashara haitaki maneno mengi, akachote maji. Sitaki mtu anitie mchanga kwenye kitumbua mapema hivi.

Ijumaa, 20 Juni
Nimemaliza! Vidole vimetoboka vyote. Blanketi ni zuri mpaka naogopa kulikunja. Ndege wote wanatazama upande mmoja, kazi iliyoniumiza macho siku tatu.

Ofisini nimewaonyesha wenzangu wa masjala. Wote wamelisifu. Wote watanunua mwisho wa mwezi. Hawakusema mwezi gani.

Na jirani yetu Evarista je? Yeye anafuma vitambaa vya makochi, vile vyeupe vya matundu matundu, na wake za wakubwa wanamfuata na magari mpaka hapa Chang'ombe. Matundu! Mtu anauza matundu! Leo kanisalimia vizuri sana, nikajua ananicheka. Lakini nimeshapata dawa yake. Jumapili kuna mnada kanisani. Nitatoa blanketi kama sadaka, linadiwe mbele ya usharika mzima. Bwana atukuzwe, na watu waone mishono.

Gladness amefungua sanduku la mama yake, kasema kuna kitu anataka nikione. Nimemwambia sina nafasi.

Jumapili, 22 Juni
Nimeumbuka. Nimeumbuka! Mungu wangu, nimeumbuka.

Mnada ulianza vizuri baada ya ibada. Kuku, miwa, trei ya mayai. Vitambaa vya Evarista vikaenda kwa elfu thelathini na tano, watu wakapiga makofi. Ndipo mzee Lameck, mnadishaji wetu, akalikunjua blanketi langu. Uwanja mzima kimya. Nikasema moyoni, wameduwaa. Lameck kaanzia elfu tano. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mtu akakohoa. Mama mmoja akashika mdomo.

Nikaona aibu hii haivumiliki, nikanyoosha mkono mwenyewe, elfu kumi, ili kuwachangamsha. Hawakuchangamka. Nikapandisha kumi na tano. Lameck akainama, akaniambia kwa upole kwamba anayeshindana na mimi ni mimi. Lakini Evarista alikuwa ananitazama! Ningeachaje blanketi langu lishindwe na matundu? Nilifika elfu arobaini. Likagongwa. Nikalipa pale pale, pesa yote iliyobaki kwenye kopo, nikapewa blanketi langu.

Baadaye Lameck kanivuta pembeni. Kaniuliza kama nilikuwepo kwenye msiba wa Bibi Anjelina, mama yake Penina, mwezi wa nne. Nikasema nilikuwepo. Akasema basi ningeijua sare, maana usharika mzima ulimzika Bibi umevaa kitenge kile, zambarau na ndege weupe, na Penina leo alikuwa benchi la tatu.

Siku ya mazishi niliaga kwamba nina malaria. Nilikuwa namalizia kushona blanketi la dumu la maji.

Jumanne, 24 Juni
Loisi karudi. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Kauliza blanketi la mtoto liko wapi. Nikamwonyesha la ndege. Akaenda kwenye sanduku lake, akatoa sare yake ya msiba, akailaza kando ya blanketi. Ndege kwa ndege. Kisha akatikisa kopo. Gladness akamwambia mama yake kwamba alijaribu kuniambia mara mbili.

Usiku ugali na mlenda. Wangu ulikuwa mdogo kuliko wa mtoto. Loisi alinena mara moja tu, akaniuliza Penina tutamtazama kwa jicho gani. Zimebaki siku kumi na moja na sina hata shilingi.

Alhamisi, 26 Juni
Penina kaja mwenyewe. Niliposikia hodi nilitaka kutokea mlango wa nyuma, Loisi kasimama hapo na mwiko.

Nikamwambia pole na msiba. Miezi miwili baadaye! Nilijisikia vibaya kweli. Nilidhani atanitukana. Hakunitukana. Aliomba kuliona. Akalipakata, akawa anapitisha kidole juu ya ndege mmoja mmoja, kisha akalia, kilio kile cha mtu aliyekizuia muda mrefu. Alisema kanisani alinyamaza kwa uchungu, si kwa hasira. Mama yake alipenda sana ndege. Kauliza bei.

Haki ya Mungu, nilitaka kusema chukua tu. Moyo ulisema hivyo. Mdomo ukasema elfu hamsini. Loisi alifumba macho. Penina akalipa bila kuomba kupunguziwa, akanishukuru, akaondoka nalo amelikumbatia.

Elfu hamsini! Blanketi la dukani ni arobaini. Loisi kasema kesho asubuhi niende sokoni moja kwa moja, nisigeuke kulia wala kushoto.

Ijumaa, 27 Juni
Nimegeuka.

Lakini hebu mtu apige hesabu. Marehemu Bibi Anjelina ana watoto saba. Penina ni mmoja. Wamebaki sita! Sita wenye huzuni ile ile! Njia ya sokoni inapita mlangoni kwa Sostenes, nifanyeje? Vipande vimekwisha, kasema, lakini jora lenyewe limebaki kidogo, kitambaa kizima. Elfu hamsini ikaisha hapo. Nimemwambia Loisi dukani wameliagiza blanketi Morogoro, linakuja. Nashona mchana kutwa uani kwa Sostenes, Loisi asione. Ofisini nimesema malaria.

Jumatano, 2 Julai
Blanketi la pili limekamilika. Nimelipeleka kwa Eliakimu, mtoto mkubwa wa marehemu, fundi magari, mtu wa mabega mapana. Nikalitandaza juu ya boneti. Nikamwambia ni kumbukumbu ya mama, na dada yake keshachukua.

Aliifuta mikono kwa tambara, taratibu. Akasema Penina ndivyo alivyo, lakini wao wengine sita hawawezi kujifunika nguo ya kumzikia mama yao, kwao hilo ni kujitakia mikosi. Kisha akaniuliza swali moja. Siku ile waliobeba jeneza walipungua, ikabidi yeye aingie, mtoto wa marehemu, anabeba huku analia. Je, mimi nilikuwa wapi?

Nikasema malaria. Mafundi wake wote wakainama wakatazama magurudumu.

Nimerudi kwa miguu. Mimi si mtu. Siku tatu zimebaki. Morogoro hakuna blanketi linalokuja. Nimekaa chooni muda mrefu kwa sababu ndipo pekee Loisi hawezi kuniuliza.

Ijumaa, 4 Julai
Nimesema ukweli wote. Loisi kakaa chini sakafuni. Ningependa anipige.

Gladness akalichukua blanketi la pili, akalijaribu mabegani, akasema atakwenda na hili, lina joto, na Kongwa hakuna mtu aliyehudhuria msiba ule. Nililia mbele ya mtoto. Loisi akasema mwanawe hatalala peke yake ugenini chini ya nguo ya msiba, afadhali ajifunike gunia.

Basi kwenye saa kumi na mbili jioni hodi ikapigwa. Evarista! Gladness akampa shikamoo. Chini ya kwapa ana blanketi la bluu, zito, jipya, na lebo yake. Kasema sauti zinavuka ukuta, samahani, na zile elfu thelathini na tano za mnada zilikuwa za kanisa lakini ana nyingine za wiki hii. Hataki kulipwa. Akaniangalia, akasema Baba Gladi, mishono yako ni mizuri, ungeniuliza tu ningekwambia kitambaa ni cha nini.

Nilitafuta kitu cha kumchukia. Sikukipata.

Jumamosi, 5 Julai
Gladness kaondoka. Dirishani mwa basi kanipungia mkono, na blanketi la Evarista mapajani. Nimeapa mbele ya Loisi kwamba sitashika sindano tena.

Jumanne, 8 Julai
Mama mkwe wa Evarista kafariki alfajiri. Ndiye aliyemfundisha kufuma. Tangu asubuhi Evarista analia, inasikika mpaka huku, na mimi nimelia kidogo, kwa kweli. Mtu ametufaa vile! Loisi katangulia na sufuria kubwa, kasema nikitoka kazini nimfuate, na kesho wanahitaji watu wa kubeba.

Sare imeshachaguliwa. Kijani, yenye maua ya njano. Marehemu kaacha watoto wanane, na nimeulizia kwa uangalifu, hakuna hata mmoja anayeogopa mikosi. Nimekwenda kwa Sostenes kabla hajakata kitambaa. Vipande vyote ni vyangu, badala ya pesa nimemwachia redio na nguo yake. Safari hii najua kitambaa ni cha nini, hakuna atakayeniumbua.

Tatizo ni muda tu. Mazishi ni kesho saa nane, na nikienda huko siku nzima imekwisha. Nimemtumia Loisi ujumbe kwamba mwili unauma, nahisi ni malaria. Evarista mwenyewe nitampunguzia elfu tano.