Picha za Baba Anayelea

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimetoka ofisi ya ustawi wa jamii. Miguu imevimba. Mjukuu wangu wa kiume, mtoto wa mwanangu na binti mmoja msusi, cheti chake cha kuzaliwa hakina jina la baba! Pako wazi kama pengo la jino. Mama mzazi wa huyo msusi ndiye aliyekataza. Alisema mwanangu hajaoa, basi asijitangaze.

Ofisa, dada mpole wa miwani, amenieleza sheria. Baba asiyeoa hatambuliwi hivi hivi. Ama msusi akubali, waje wote wawili waweke sahihi, ama mwanangu aende mahakamani aonyeshe kuwa mtoto ni wake na anamlea. Akaongeza kwamba shauri hilo ni la mwanangu, si langu. Hapo sikusikiliza sana. Nilishika neno moja: anamlea. Atamlea vipi mtoto ambaye hata kumshika hajaruhusiwa?

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata. Picha!

Wetu hatunaye, lakini mke wa kinyozi, jirani yangu, ana kichanga cha umri uleule. Vichanga si vinafanana? Mwanangu aliporudi kutoka kuchomelea mageti, nikamwambia ampokee jirani mtoto, ana kazi. Ana mikono mizuri ya kubeba, mwanangu! Nikampiga picha akibembeleza, akifunga nepi, akimfuta mtoto maji. Akauliza simu ya nini. Nikasema natafuta mtandao.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Aibu. Ofisa alitazama picha moja moja, akavua miwani, akavaa tena. Akauliza kama mjukuu wangu si wa kiume. Dume kabisa, nikasema. Basi mbona kavaa hereni?

Hereni! Jasho likanishuka mpaka nyayoni. Ningesema ukweli yangekwisha. Nikasema huyo ni mwingine. Wa nani? Wa mwanangu huyohuyo. Sijui mdomo ulitumwa na nani. Ofisa akasema itabidi amuulize msusi kama anajua.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Kumbe mwanangu na msusi walishapatana kimya kimya! Kesho ndiyo walikuwa waende kuweka sahihi. Sasa msusi kazima simu. Kasema hampi mwanawe baba mwenye watoto kila uchochoro. Mwanangu hakunifokea. Aliniuliza tu, mama, umenifanyia nini? Akaondoka bila kugusa chakula. Afadhali angefoka.

Nikamvuta mke wa kinyozi na mtoto wake mpaka saluni. Msusi hakuinua macho, akaendelea kusuka. Mamake akauliza, leo mmemleta na mke mwenza? Mke wa kinyozi akaanza kulia. Mara kinyozi mwenyewe huyo, mkasi mkononi! Kasikia mtaani kwamba mwanawe kapewa baba mwingine. Akamnyanyua mtoto, akatuamuru tutazame masikio yake, kisha tutazame ya kwake. Yaleyale, yamechomoza kama mishikio ya sufuria! Mteja aliyekuwa akisukwa akaangua kicheko. Msusi naye. Hata mamake alifunika mdomo. Nikaeleza yote, nusu nalia.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Wameweka sahihi! Ofisa amesema sasa mwanangu ni baba kisheria. Ataulizwa kuhusu matibabu na shule, na kumtunza mtoto ni wajibu wake, apende asipende. Mwanangu akajibu anapenda.

Nimempakata mjukuu. Mzito! Msusi ameniita mama kwa mara ya kwanza. Akaniomba jambo moja tu: nisifanye lolote tena bila kuwauliza. Mwanangu akasema niape. Nikaapa, na niliapa kwa moyo mmoja.

Mtoto atakuja kwetu kila Jumamosi. Jumamosi tu! Siku nyingine zote nitazame ukuta?

Wakati wa kurudi nimeona chumba kinapangishwa mkabala na kwa msusi. Dirisha linatazama mlango wao kabisa. Nimemwambia mwenye nyumba nahamia mwisho wa mwezi.

Kiapo ni kiapo. Nitawauliza nikishahamia.