Niliandika Juu ya Mashine Iliyolala

Jumatatu, 2 Machi. Katuba.

Fedheha ya wiki imefika kabla ya chai. Tantine Germaine, shangazi yangu, amesahau neno la siri la mashine yake, na aliyeitwa si mimi. Ameitwa Mardochée! Mimi ninalala chumba cha pembeni. Yeye anatoka mtaa mwingine, Naviundu. Chuo kikuu nilimaliza wa kwanza darasani, yeye wa pili. Hakuna anayekumbuka hilo isipokuwa mimi.

Nieleze vizuri, ili nikisoma uzeeni nijue kwa nini nililia. Tantine hudarizi nguo kwa mashine kubwa inayoongozwa na kompyuta. Programu ya kuchorea ni ya zamani, haikubali kompyuta za leo. Kwa hiyo inaishi ndani ya mashine pepe: kompyuta isiyo na mwili, ndani ya kompyuta ya kweli, na diski yake yote ni faili moja tu. Ndani ya faili hilo kuna mchoro wa croisette, msalaba wetu wa shaba, umezungukwa na majani ya muhogo. Tantine ameuchora tangu Noeli. Wamama wa soko watauvaa mgongoni Jumapili, kwenye maandamano ya wanawake ya tarehe nane. Bila mchoro hakuna blauzi. Bila blauzi, hakuna mama wa soko atakayempa Tantine kitambaa tena.

Na mimi ninaunda nini, kwa muda wote huu? Chombo cha kuingia katika mafaili ya namna hiyohiyo! Kinaitwa fungua. Hakina dirisha wala vitufe. Unaandika amri, mstari mmoja, kinaingia diskini bila kuwasha mashine, kinasoma, kinabadilisha, kinatoka. Mwizi mwenye adabu. Nilimwonyesha Tantine. Alitazama yale maandishi meupe juu ya weusi, akasema, iko muzuri, mutoto yangu, lakini picha iko wapi?

Mardochée alikuja na programu yenye vitufe vya rangi. Akaizima mashine pepe, akanakili faili lote kwenye flash yake, akasema ataenda nalo nyumbani kulishughulikia. Akala bukari yetu, sahani nzima ya ugali, akaomba tena. Akaniita Madame l'ingénieur, bibi mhandisi.

Jumanne, 3 Machi.

Courant, umeme wetu, imeenda tangu asubuhi. Tantine yuko sokoni. Wazo! Nifungue mimi, kabla ya Mardochée. Tantine akirudi akute mashine iko wazi, mimi ninasuka nywele kana kwamba si kitu.

Kompyuta ilikuwa bado na betri. Nikaandika amri. Chombo changu kikajibu: Mashine hii imelala, haijazimwa. Usiandike humu. Nilikasirika. Onyo hilo nililitunga mwenyewe, siku niliyokuwa na malaria, na lina sauti ya mwalimu mkuu. Imelala vipi? Mardochée aliizima jana mbele ya macho yangu. Tena leo courant hakuna. Nikaongeza neno moja mwishoni mwa amri: lazimisha. Chombo kikatii. Nikafuta neno la siri la zamani, nikaweka jipya, nikatoka.

Nilicheza kidogo. Peke yangu, katikati ya vitambaa.

Jumatano, 4 Machi.

Courant imerudi. Afadhali isingerudi.

Tantine aliiamsha mashine. Naam, aliiamsha! Kumbe Jumatatu, Mardochée alipoondoka, Tantine aliiwasha tena ili ajaribu majina ya wapwa zake wote kama neno la siri. Courant ilipoenda akailaza, kama anavyofanya kila fundi wa Katuba. Hapa hakuna anayezima kitu. Mtu analaza tu, ili courant ikirudi aendelee palepale sindano iliposimama. Nimekulia mtaa huu. Nilijua. Nilijua!

Mashine iliyolala hukumbuka diski yake ilivyokuwa kabla ya usingizi. Ilipoamka ikaendelea kuandika kwa kumbukumbu ileile, na mimi nilikuwa nimehamisha vitu. Ni kama kumwondolea mtu kiti akiwa amesinzia, kisha akaamka gizani na kwenda kukaa. Skrini ikawa ya bluu, kisha nyeusi. Tulipoiwasha upya, mahali pa michoro palikuwa tupu.

Tantine hakupiga kelele. Angepiga! Alikaa, akaweka mikono mapajani, akauliza polepole: ni nini iliingia mu hii mashini?

Nikafungua kinywa ili kuungama. Kikatoka: ni courant, Tantine.

Hakuna aliyebisha. Katika mji huu courant hubebeshwa kila kesi na haijawahi kujitetea.

Alhamisi, 5 Machi.

Amekuja maman Angélique, rais wa wamama wa soko. Ana sauti ya kuita wateja wa ng'ambo ya barabara. Akasema, apana, Germaine, courant inaenda kila siku na mashini aikufe. Ni ule kijana wa juzi njo aliiharibu. Akuje hapa! Ile bitufe yake ya rangi, tutamulisha moya moya.

Tantine akasema labda. Akanitazama, mimi niliyesoma, niseme neno. Nilishona kifungo ambacho kilikuwa kimeshonwa tayari.

Kisha Tantine akampigia Mardochée simu. Aliongea naye kwa Kifaransa, na Tantine haongei Kifaransa na mtu anayempenda. Nilisikia sauti ya Mardochée ikisema pole, Tantine, pole sana. Ameomba msamaha! Kwa jambo ambalo hakulifanya! Nilitamani ardhi inimeze. Sikuweza kula. Yaani nilikula sombe ya majani ya muhogo, lakini bila furaha.

Ijumaa, 6 Machi.

Niandike kwa utaratibu.

Mardochée amekuja na flash yake. Nakala ya Jumatatu imo, nzima, mchoro ndani yake. Wamama wa soko walikuwa wamejaa karakana, wengine juu ya marobota. Akabonyeza kitufe chekundu. Hapana. Kijani. Hapana. Neno la siri halikuondoka. Jasho likamtoka. Maman Angélique akamuuliza kama kile cha njano anakitunzia Pasaka.

Ndipo akanigeukia. Akasema, bila mzaha hata kidogo, Exaucée, chombo yako ile ya bila picha, iko wapi?

Nikaketi. Nikaandika mstari mmoja. Chombo hakikulalamika, maana nakala ilichukuliwa mashine ikiwa imezimwa kweli. Neno la siri likabadilika. Croisette ikatokea kwenye skrini, na majani yake yote. Tantine akanibusu kwenye paji la uso, machozi yanamtoka. Nilikuwa mtu mkubwa. Kwa muda mfupi sana.

Maana Mardochée akaongeza, kwa upole, kama anayemwonyesha mtu doa kwenye shati, kwamba ameitazama na ile iliyoharibika. Si courant. Kuna mtu aliandika humo mashine ikiwa imelala.

Wote wakanitazama. Tantine akauliza, weye mutoto, uliingia mule? Juu ya nini, na Mardochée alikuwa anaitengeneza?

Nikainamisha kichwa. Masikio yakawaka moto. Maman Angélique akanitazama mimi, akamtazama Mardochée, akanitazama tena, akapiga makofi. Aaah! Miye minayua! Aliiharibu juu Mardochée arudie kumuona!

Wakacheka hadi marobota yakaanguka. Tantine hakucheka. Alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni kweli, kama ni yule kijana ninayemtaka.

Hapana ilikuwa mdomoni. Lakini baada ya hapana lingekuja swali: basi kwa nini? Na jibu ni kwamba chombo changu mwenyewe kilinikataza nami nikakilazimisha, kwa wivu. Sikuweza. Nikazidi kuinama. Nikanyamaza.

Nilisahau nimezaliwa wapi! Kwetu msichana akiulizwa habari za kijana, akainama na kunyamaza, amekwisha kujibu. Vigelegele vikapanda hadi barabarani. Mardochée aliangusha flash.

Jumapili, 8 Machi.

Wamama wamepita mbele yangu, croisette migongoni, barabara nzima inang'aa. Ni uzuri mtupu. Kila aliyepita alinifinya shavu. Maman Angélique aliacha wimbo katikati ili kumweleza mpiga ngoma.

Tantine anasema wajomba wa Mardochée wanatoka Kipushi Jumamosi kuja kujitambulisha, mwanzo wa posa. Ameshanichagulia kitenge. Niliamua kumwambia ukweli. Nilimshika mkono. Nilivuta pumzi. Nikamsifia viatu.

Kisha Mardochée mwenyewe akaja, shati limepigwa pasi. Akanivuta pembeni, macho kwenye vumbi. Akasema yeye si mjinga, kosa la kuandika juu ya mashine iliyolala analijua, hata yeye alilifanya kazini, akamwambia mkubwa wake, na hakufa. Nikisema neno moja tu, atawazuia wajomba leo hii, na hatamwambia mtu kwa nini. Ilikuwa ni kosa, au ilikuwa ni yeye?

Alikuwa akiniuliza kwa huruma. Huruma! Aliyemaliza wa pili!

Nikamwambia: ni wewe.

Sasa yuko kwenye kivuli cha kioski, anawapigia simu wajomba, anacheka peke yake. Naona ana meno mazuri. Haidhuru. Mume mtu humzoea. Lakini kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hilo lingenifuata hadi kaburini. Nimeponea chupuchupu.