Swichi Isiyozungushwa

Jumatatu, 8 Agosti 1977. Kisii mjini.
Adui wa kinanda changu ni swichi. Kinanda nimekiunda mwenyewe, kwa transista na mbao za masanduku ya chai. Kina sauti tatu: filimbi, fidla, tarumbeta. Lakini ili kubadilisha sauti lazima nizungushe swichi nene kama kopo la mafuta ya kupikia, nayo hulia KA! hadi viti vya nyuma. Sabato iliyopita Mzee Manasseh wa kanisa aliuliza nani anakoki bunduki. Aibu!

Mwalimu Bitutu, dada anayeongoza kwaya, ametangaza kwamba kinanda kitakachofaa kwenye makambi ya kanisa huko Magwagwa ndicho kitakachokwenda na kwaya Kisumu, kurekodi redioni. Mpinzani wangu ni Machogu, na kile kinanda chake cha kukanyaga kinachopumua kama ng'ombe mgonjwa. Kisumu ni yangu.

Jumatano, 10 Agosti.
Aisii, zile saketi ndogo za elektroniki nilizoagiza, zimefika kutoka Nairobi! Vidude vyeusi, kama mende wenye miguu mingi. Kimoja kinahesabu, kingine kinafungua na kufunga njia za sauti. Hakuna cha kuzungusha. Nimeweka kipande cha shaba juu ya kinanda. Gusa: filimbi. Gusa: fidla. Gusa: tarumbeta. Kimya kabisa.

Bitutu alipita karakanani kwangu baada ya shule, akagusa mwenyewe, akacheka kama msichana. Kisha akashauri swichi ya zamani ibaki kando, iwe ya akiba. Nikamwambia akiba ni ya watu wenye mashaka. Nikaikata nyaya mbele ya macho yake. Akachukua mkoba wake, akaenda zake. Nadhani alivutiwa.

Ijumaa, 12 Agosti. Magwagwa.
Tope. Lori lilikwama, tukasukuma. Machogu hakusukuma, eti analinda vinanda. Tumefika jua likizama na Sabato ikiingia. Hakuna ruhusa ya kujaribu vyombo. Si neno. Kule karakanani kinanda kilifanya kazi siku mbili bila kosa.

Sabato, 13 Agosti.
Siandiki mengi.

Ibadani niliunganisha kinanda na betri ya lori. Kinanda kikaamka na tarumbeta. Wimbo ulikuwa wa sala, wa polepole. Bitutu akanionyesha kwa jicho: filimbi! Nikagusa shaba. Tarumbeta. Nikagusa kwa kiganja. Tarumbeta. Nikalamba kidole. Kwaya inaomba rehema, mimi napiga mwito wa vita. Machogu akaninong'onezea, ndugu Mogire, unakipapasa au unakiombea? Nikatoa bisibisi. Mzee Manasseh akainuka pale pale akaniuliza, kijana, leo ni siku gani? Nikairudisha mfukoni. Machogu akaombwa aendelee. Watu walisema Amina kwa nguvu mno.

Jumapili, 14 Agosti. Kisii.
Nimegundua! Kosa si langu. Karakana ina stima ukutani. Mwili wa mtu hunasa mtetemo wa stima hiyo, na shaba huusikia kupitia kidole. Magwagwa hakuna stima karibu. Kidole changu kilikuwa kitupu, kama cha maiti. Kwa hiyo kanisa ndilo lililokosa.

Nilikwenda kumweleza Bitutu. Alinikaribisha chai, akasikiliza hadi mwisho. Akasema kinanda cha Machogu kimetoboka mfuko wa hewa njiani, na kwamba kwa kweli sauti ya filimbi yangu ndiyo anayoitaka redioni. Akaniambia, ndugu yangu, rudisha swichi ya zamani kabla ya safari ya Jumatano, twende wote Kisumu. Afadhali KA! kuliko aibu. Nilitaka kulia. Nikamwambia sawa, dada, ni kazi ya saa moja.

Ni kweli. Swichi iko mezani, chuma cha kulehemu kimepata moto.

Lakini nimewaza. Tatizo lilikuwa kugusa. Tukiondoa kugusa? Nimefungua simu mbovu, nikatoa kile kidude kinachosikia sauti, nikakiunganisha na aisii. Sasa nikikohoa tu, filimbi inakuwa fidla! Nimefunga mlango na dirisha, nikajaribu peke yangu jioni nzima. Nakohoa, inabadilika. Nanyamaza, inatulia. Haijakosea hata mara moja.

Bitutu hajui bado. Kwaya ina watu arobaini. Nitamwomba aniweke katikati yao.