Jeli ya Daktari Lulu

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kliniki yake, Daktari Lulu alisimama mbele ya kioo cha mlango, akakenua meno, akaligonga la mbele kwa ukucha, ko ko ko, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Mvua inyeshe, jua liwake, hakuacha.

Alikuwa daktari wa meno, na kinywa chake ndicho kilichokuwa bango lake. Miaka sitini na mitatu, alijigamba, na halijang'oka hata moja! Ukimwona mgonjwa amefumba macho kitini, ujue haogopi sindano; anakwepa mwanga wa meno ya daktari.

"Siri yangu ni vyakula vya asili," alimwambia dada wa mapokezi, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa ameisikia siri hiyo mara nyingi kuliko mlio wa simu. "Keshokutwa nawapa kina mama somo la meno. Wakiniamini, wataniletea watoto wa mtaa mzima! Na nitawapikia jeli ya maua."

"Wewe, daktari? Juzi tu chai ilikushinda."

"Binti, nimeng'oa magego ya wanaume wenye shingo kama magogo. Ua ndilo litanishinda?"

Akatoka na ndoo, koti jeupe likipepea, akapita uzio hadi uzio akichuma maua mekundu ya haibiskasi kama mfalme anayekusanya kodi. Mbuzi mmoja alimtazama kwa wivu mtupu.

Jeli ya kwanza haikuganda. Dada akaionja, akafikiri kidogo.

"Uji mtamu, daktari."

Uji! Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Pakiti ya unga wa kugandisha ilisema kijiko kimoja. Yeye akatia sita.

"Kimoja ni cha waoga!"

Siku ya somo, kina mama ishirini walibanana kwenye mabenchi. Jeli ikaletwa kwenye sinia, nyekundu, inang'aa. Ukiibonyeza, haibonyei, inakusukuma. Dada alijaribu kuikata, kisu kikapinda.

"Daktari," akanong'ona, "hii usiiume. Nakusihi."

"Kisu ni cha wenye mapengo!" akatangaza Daktari Lulu. "Kina mama, tazameni meno ya asili yanavyofanya kazi!"

Akauma. Akavuta. Jeli nayo ikavuta. Akaishika meza kwa mikono miwili, akaukita mguu ukutani, mishipa ya shingo ikasimama, chumba kizima kikashika pumzi...

Po!

Daktari alirudi nyuma. Meno hayakurudi. Yote, ya juu na ya chini, yalibaki kwenye jeli, yakiwachekea wageni kwa adabu zote.

Kisha bibi mmoja wa mstari wa mbele akainua kidole kama mwanafunzi.

"Daktari, hayo ya asili uliyachuma kwenye uzio wa nani?"

Lo! Kicheko kilichofuata kiliangusha kalenda ukutani. Wengine walikaa sakafuni. Mmoja aliomba maji, akaletewa, akashindwa kuyanywa.

Dada peke yake hakucheka. Alimwona daktari, kwa mara ya kwanza, mzee tu, midomo imebonyea kama mfuko uliotolewa vitu vyote. Akakimbilia koleo la kung'olea, akaliinamia sinia ayanusuru meno ya bosi wake.

Daktari Lulu akaziba mdomo kwa mkono wa koti, akamsogelea.

"Taratibu, binti," akasema kwa sauti ya kibogoyo. "Ushiniharibie jeli."