Mzungu Niliyemzamisha Likoni

Jumamosi, 3 Agosti 1996
Nani Likoni nzima ajuaye kisa cha wale Wazungu watatu waliopasukiwa na chombo njiani kwenda mwezini? Mimi! Mwaka wa sabini nilikesha redioni siku nne mpaka wakarudi. (Uongo. Redio ilikuwa ya Ngowa, nami nililala.) Leo filamu yao imefika kwenye ukumbi wa video wa Kafedha. Mfasiri ni mimi. Ujira: kiti cha mbele na kahawa.

Ngowa kaniharibia. Kuli mstaafu huyu kaweka gazeti la mwaka ule. Eti ule ugomvi wao chomboni ni wa filamu tu, wenyewe hawakugombana. Tena wote walirudi salama! Watu wakaanza kupiga miayo. Salama nani aitaka? Chombo kilipotua baharini nikamzamisha mmoja kwa tafsiri yangu, yule aliyeshikwa na homa. Yowe! Kwenye picha wakatoka watatu. Nikasema wa tatu ni nduguye, kaja kumpokea.

Jumapili, 4 Agosti
Mwanatabu kaja asubuhi. Mwanawe Boga alikuwa kwenye feri iliyozama Mtongwe, mwaka wa tisini na nne. Hakuopolewa. Mpaka leo humtengea sahani, na hitima ya kumrehemu hataki kuisikia. Kaniuliza, kaka Mwidani, mamake yule Mzungu alipata chochote cha kuzika? Nikasema hata kiatu. Ulimi huu! Akakaa kizingitini kwangu mpaka adhuhuri.

Jumanne, 6 Agosti
Balaa. Ataka kumsomea hitima Mzungu wangu! Maalim kakataa: hamjui jina wala dini. Basi, akasema Mwanatabu, someni kwa jina la Boga.

Alhamisi, 8 Agosti
Hitima. Nilikusudia kuungama, wallahi. Ngowa katokea mlangoni, gazeti kwapani. Nikaliona: watatu, juu ya meli, wanacheka. Nikamnong'oneza, huyu mama akiliona nitakufa. Akaniuliza nitafia majini au nchi kavu. Mshenzi!

Mwanatabu kalia, mara ya kwanza tangu feri. Kisha akanipakulia pilau kwenye sahani ya Boga. Nikala. Nikaongeza.

Jumamosi, 10 Agosti
Kafedha ana filamu mpya, ya wapanda milima. Nimeichungulia: wote wanashuka salama. Nimeshamchagua wa kumdondosha. Mwanatabu ameomba kiti cha mbele.

Limebaki lile gazeti. Ngowa, siku ulipopandisha antena, ngazi nilikushikia mimi, jua la utosini. Nami nifanyie hili moja: lifungie samaki.