Tume ya Mpaka Uliopita Jikoni

Kwa niaba ya mataifa mawili ya mtaa wa Al-Malqa, ninayo heshima kuutangazia ulimwengu kwamba mpaka wa kimataifa kati ya sebule ya Abu Turki na sebule ya mdogo wake, Abu Nasir, umekamilika, umepakwa rangi, na uko wazi kwa watu wote isipokuwa wale wanaotaka kuuvuka.

Mimi ndiye Afisa Mkuu wa Mpaka. Jina langu ni Lawrence, dereva wa nyumba, mzaliwa wa Busia. Huenda mtu akauliza dereva alipandaje cheo hivyo katikati ya Riyadh. Ni elimu. Siku niliyofika, mwaka 2013, Abu Turki aliniuliza kwetu ni wapi, nami kwa Kiarabu changu cha wiki moja ya mafunzo Nairobi nikamjibu, "Ana hudud," nikimaanisha natoka mpakani. Yeye akaelewa kwamba nilikuwa askari wa kulinda mipaka. Akanipa mkono kwa heshima kubwa. Sikuona sababu ya kumkosoa mwajiri siku ya kwanza, na siku ya pili nikaona nimeshachelewa.

Vita Kuu vilipiganwa Idi ya mwaka uliofuata, baada ya chakula cha mchana. Kuhusu chanzo chake, kila upande una wanahistoria wake. Mimi niliyekuwa nikibeba sahani niliona ni kiti cha marehemu baba yao, ambacho kila mmoja alitaka kukikalia. Silaha zilizotumika ni viatu, chupa ya kahawa, na sinia moja la wali lililorushwa likiwa bado na wali. Abu Nasir alipoteza jino. Abu Turki alipoteza heshima, ingawa taarifa ya upande wake inasema aliipata tena jioni.

Mkutano wa Amani ukaitishwa Jeddah, nyumbani kwa ami yao, mzee ambaye hakuwahi kuingia katika nyumba ile hata siku moja na kwa hiyo hakuwa na upendeleo. Niliwaendesha ndugu hao karibu kilomita elfu moja, mmoja mbele na mmoja nyuma, huyu akitaka baridi ya gari iongezwe na yule akitaka ipunguzwe. Baada ya kula samaki, ami alichora ramani ya nyumba juu ya kipande cha katoni ya tende. Akachukua kalamu nene, ile ya kuandikia mizigo, akapiga mstari katikati.

"Halas," akasema, yaani yamekwisha, akaenda kulala.

Tatizo la kitaalamu lilijitokeza tuliporudi. Tulipouhamisha mstari ule kutoka kwenye katoni hadi sakafuni, tuligundua kwamba kalamu ilikuwa nene mno. Upana wa wino ulikuwa upana wa jiko zima, pamoja na kile chumba kidogo cha nyuma. Kaskazini ya wino ikawa ya Abu Turki. Kusini ikawa ya Abu Nasir. Na Rosebellah, mama kutoka Vihiga aliyewapikia wote na kulala katika chumba kile, akabaki ndani ya wino.

Alinikuta nimechuchumaa na brashi, napaka rangi nyeupe mlangoni pake.

"Sasa Lawrence, hapa ni wapi?"

"Hapa ni mpaka."

"Mpaka lini?"

"Si mpaka lini. Mpaka. Border."

"Nimekusikia. Mi nauliza, mpaka lini?"

Niliripoti kwamba mkazi wa eneo husika ana matatizo ya lugha.

Kazi ya kujenga taifa ilianza mara moja. Kaskazini ilitangaza kwamba kahawa yake ni ya iliki. Kusini ikatia zafarani na kuapa kwamba ndivyo alivyokunywa babu. Kaskazini ilijipatia bendera, pazia la zamani la zambarau. Kusini ikachukua nusu iliyobaki ya pazia hilohilo. Watoto waliokuwa wakilala kitanda kimoja wakafundishwa kuitana wageni. Nami katika hotuba yangu niliwapongeza kwa kupata taifa, wote wakanuna. Nilikuja kujua baadaye kwamba kwa Kiarabu neno hilo ni kikundi kilichojitenga na wenzake. Nimeliacha kama lilivyo, kwa kuwa sikuona tofauti.

Hali ya usalama ilikuwa ya kuridhisha. Lilitokea tukio moja tu, pale mtoto wa Kusini alipoupenyeza mkono dirishani mwa jiko kudokoa paja la kuku. Abu Turki aliinua bakora kuilinda nchi yake. Mtoto akauvuta mkono. Bakora ikampata Rosebellah kwenye kifundo cha mkono, palepale aliposhika sufuria. Mkono ulivimba hadi bangili ikabidi ikatwe.

Taarifa yangu ilisema: majeruhi, hakuna. Kaskazini hawakuumia, Kusini hawakuumia, na mkono ule haukuwa wa taifa lolote. Nilimsomea Rosebellah mwenyewe kwa sauti. Aliendelea kukanda unga kwa mkono mmoja. Niliona aibu sana, lakini sikujua aibu huwasilishwa kwa nani.

Nieleze sasa chanzo cha uasi. Mkataba wa Rosebellah uliisha Novemba. Binti yake Ashley, ambaye alimwacha akiwa darasa la nne, alikuwa anaingia Form One Januari. Tangu mtoto huyo aanze kujua kushika simu, mama yake alikuwa akimwahidi jambo moja: sanduku lako la shule nitalibeba mimi, mpaka ndani ya geti. Kilichotakiwa ni ruhusa ya kutoka nchini, ambayo kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, huitoa kwa kubonyeza simu. Kafili alikuwa Abu Turki.

"Mafi, hakuna," akasema Abu Turki. "Wewe ukiondoka, nani ataonyesha kwamba jiko ni la Kaskazini?"

Rosebellah akaenda kwa Abu Nasir, labda angezungumza na kaka yake.

"Mafi. Kaskazini wakikuruhusu nami nikanyamaza, nimekubali kwamba jiko ni lao. Hapana. Yalla, chai."

Ndipo akaja kwangu. "Lawrence, wewe ni mtu wa nyumbani. Ongea na hao wanaume, please. Mtoto ananingoja."

"Afisa hana nyumbani," nikamwambia. Maneno hayo nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi.

"Haya. Nikuite nani basi?"

"Afande."

"Sawa, Afande," akasema, na akatabasamu kwa namna ambayo ofisi yangu ingepaswa kuichunguza.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, mataifa mawili yalikuta leso yenye maua mekundu inapepea juu ya mti wa mopu mlangoni mwa jiko. Chini yake alisimama Rosebellah na mwiko. Kiarabu chake, lazima nikiri, kilikuwa kizuri kuliko changu.

"Huku si Kaskazini wala Kusini," alitangaza. "Ni nchi yangu. Anayetaka kula aje na pasipoti, aniachie. Nitaiweka kabatini, isipotee."

Maneno hayo niliyajua. Ndiyo aliyotuambia Abu Turki siku tulipofika, kila mmoja kwa zamu yake, huku amenyoosha kiganja.

Hapo yakatokea maajabu ya historia. Wale ndugu, ambao tangu Idi hawakusalimiana, waliketi zulia moja na njaa yao. Kwanza walitaka kumfungia chumbani, wakakumbuka kwamba chumba kiko nchini mwake. Wakataka kumnyima chakula, wakakumbuka chakula kiko kwa nani. Mwishowe wakanigeukia mimi, mtaalamu.

"Wewe askari wa hudud," akasema Abu Turki. "Adhabu gani kubwa kabisa?"

Nilikohoa. Sijawahi kusikilizwa namna ile maishani mwangu. "Kwa uzoefu wangu wa mipaka," nikasema, "hakuna kubwa kuliko kufukuzwa nchini."

"Rosebellah arudishwe kwao!" akafurahi Abu Nasir. "Leo!"

Rosebellah aliangusha mwiko, akajifunika uso kwa aproni, mabega yakaanza kutikisika. "Afande," akasema kwa sauti ya kukatika, "hata wewe?"

Nikamwambia sheria haina huruma. Abu Turki akatoa simu ili abonyeze ile ruhusa, lakini Abu Nasir akadai kwamba bila kidole chake taifa lake litakuwa limedharauliwa. Vikabonyeza vidole viwili kwa pamoja. Nilipiga makofi.

Nilimpeleka uwanja wa ndege kesho yake, pasipoti yake mfukoni mwangu. Njiani nilimpa nasaha kuhusu utii. Alikuwa bado amejifunika na mabega bado yanatikisika, nikasogeza kioo nimwone vizuri. Alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Miezi miwili nimelilia exit, Lawrence. Ukanipea kwa dakika moja."

"Sikukupa. Nimekuadhibu."

"Basi asante kwa adhabu." Aliichukua pasipoti, akaibusu. Kabla ya kushuka aliniangalia kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kicheko. "Sukari iko kwa kopo ya blue," akasema.

Sikuelewa kwa nini ananiambia hivyo. Nilielewa niliporudi nikakuta ndugu wawili wanabishana ni nani sasa amiliki jiko. Wakampigia simu ami, Jeddah. Mzee alifikiri, kisha akatoa uamuzi: mtu hufukuzwa kutoka katika nchi, Rosebellah amefukuzwa kutoka jikoni, na waliomfukuza ni mataifa mawili kwa vidole vyao, kwa hiyo jiko ni nchi, wamelitambua wenyewe, na sheria zake zinabaki. Halas. Akaenda kulala.

Wakati huo mimi nilikuwa ndani ya jiko, natafuta sukari. Raia wa nchi hiyo nikawa mimi peke yangu.

Sasa kila adhuhuri Abu Turki na Abu Nasir hupanga foleni dirishani, mkubwa mbele, mdogo nyuma, kila mmoja na pasipoti yake mkononi. Nazipokea, naziweka ndani ya kopo la bluu, zisipotee. Kisha nawapa mayai, kwa kuwa ndiyo ninayoweza kupika, na hata hayo huungua. Pasipoti yangu mimi ingali katika sefu ya Abu Turki. Wiki iliyopita nilimwomba ruhusa ya kwenda Busia.

"Wewe si mtu wangu," akanijibu dirishani, sahani mkononi. "Wewe mtu wa jiko. Omba kwenu. Na leo chumvi kidogo."

Jana Rosebellah alinitumia picha. Msichana mrefu, sweta limemzidi mikono, yuko getini mwa shule, na nyuma yake mama amejitwika sanduku kichwani, amelishika kwa mkono uleule. Baadaye akapiga simu.

"Afande! Uko wapi?"

"Niko mpakani."

"Mpaka lini?"

Nilimjibu kwamba swali lake limepokelewa na linashughulikiwa. Kisha nikafunga dirisha la jiko, nikalia kidogo, kwa niaba ya mataifa yote matatu.