Vitone Vyangu na Ini la Marehemu

Jumatatu, 3 Machi
Wiki yangu imefika! Profesa ametangaza: Ijumaa anachagua mchanganyiko mmoja, wangu au wa Bi Glavu. Huyu ni fundi mwenzangu wa maabara, havui glavu hata akinywa chai. Tunatengeneza vitone vya mafuta, vidogo mno, na ndani ya kila kitone tunaweka jeni. Seli inapenda mafuta. Inakimeza kitone, jeni inashuka ndani na kuanza kazi. Mchanganyiko utakaoshinda utatumika kwa mgonjwa wa kwanza Jumatatu ijayo. Mgonjwa huyo ni dada yangu. Ini lake lilizaliwa bila jeni moja, na sasa macho yake ni ya manjano kabisa. Nimemwahidi dawa ya mkono wangu. Habari za Bi Glavu sikumpa.

Jumanne, 4 Machi
Jaribio la kwanza. Tunatumia jeni ya kung'aa: seli ikiipokea, inawaka kijani. Seli zenyewe ni za ini la Marehemu, fundi aliyekuwa hapa kabla yangu. Alitoa kipande akifanyiwa upasuaji. Yeye alizikwa miaka minne iliyopita. Seli zake zimo kwenye kabati la joto, zinakula na kuzaana. Kisahani cha Bi Glavu: kijani kitupu. Changu: giza! Tena seli zimekimbilia ukingoni, zimeacha duara pale nilipodondosha vitone vyangu, kama watu wanaomkwepa mlevi kwenye benchi. Bi Glavu kasema labda nilikitikisa kichupa. Eti ukitikisa vitone vinavunjika, kichupa hupinduliwa taratibu. Nilikitikisa, ndiyo. Anajifanya mjuzi!

Jumatano, 5 Machi
Nimegundua. Marehemu ana kinyongo! Nimekalia kiti chake, nimetupa kikombe chake. Bi Glavu alipokwenda kula nikafungua kabati, nikasema shikamoo. Nikaomba radhi. Nikaeleza kuwa ni kwa ajili ya dada. Nikaweka kidole chini ya kisahani, jicho kwenye hadubini. Seli zikasogea, zote, kuelekea kidole. Nikakihamisha. Zikahama nacho. Nywele zilinisimama! Seli za ini hazina macho. Basi nikakitikisa kichupa kwa nguvu zaidi, vitone vichangamke, nikadondosha. Zikarudi ukingoni kwa mpigo.

Alhamisi, 6 Machi
Dada kapiga simu, sauti nyembamba. Kauliza kama kuna matumaini. Nimesema tumeshafika. Nikajifungia chooni nikalia. Machozi yalipokauka, mpango ukaja. Profesa husoma stika, basi. Nimebandika stika ya Bi Glavu kwenye kisahani changu cha kesho, yangu kwenye chake. Dakika mbili tu. Kabati lilikuwa linanguruma kama kawaida, nilipomaliza likanyamaza. Niliondoka bila kugeuka.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Kisahani chenye stika yangu: giza. Chenye stika ya Bi Glavu: kijani tele. Profesa kamchagua yeye. Lakini mimi nilibadilisha! Kilichowaka ni changu! Vitone vyangu vimekubali siku ile ile niliyomzawadia adui. Nikikiri, nafukuzwa. Nikinyamaza, dada anapewa mafuta ya Bi Glavu yasiyofanya kitu.

Jumamosi, 8 Machi
Ufumbuzi! Kwenye friza kuna vichupa viwili vyenye jeni ya kumtibu dada, kimoja cha kila fundi. Nimebadilisha stika. Sasa kinachoitwa cha Bi Glavu ni changu. Natoka, nakutana naye mlangoni. Kauliza ni nani aliyeandika upya stika za visahani vya jana. Kanionyesha. Si mwandiko wangu, si wake. Herufi zimelala kushoto. Kanipeleka kwenye kabati la joto. Mlangoni, kwa wino uliofifia, mwandiko ule ule: FUNGA TARATIBU. Kasema aliyeandika ni Marehemu. Kisha Bi Glavu kapindua kisahani kilichowaka: chini kuna alama yake ya siri. Kwa hiyo kilikuwa chake kweli. Mtu alikuwa ameandika stika upya, kila jina mahali pake.

Jumapili, 9 Machi
Nimerudi kwenye friza kurekebisha kosa langu. Hakukuwa na haja. Stika zimesharudi, herufi zimelala kushoto, wino bado mbichi kwenye baridi ile! Nikakaa sakafuni. Mfu anamlinda dada yangu. Nilishukuru kwa sauti, nikalia tena.

Kisha nikafikiri vizuri. Marehemu na Bi Glavu walifanya kazi pamoja miaka sita. Wamepanga! Alama ya siri mtu yeyote anaweza kuichora. Yule mzee ananionea wivu tu kwa sababu mimi bado napumua. Nimebadilisha stika tena. Kichupa changu nimekifungia kwenye boksi la barafu, na boksi nimelikalia.

Jumatatu, 10 Machi
Nimelipeleka boksi wodini mwenyewe. Kwenye korido likagongwa kutoka ndani, mara tatu. Nikalikemea, likatulia. Sindano saa nne. Muuguzi kamuuliza dada kama ana swali. Hana. Kanyoosha mkono, kafumba macho, kasema anamwamini kaka yake kuliko madaktari wote. Nimejisikia fahari!